Mathenge haukujileta

Mwaka jana nilienda na vijana wa kikundi chetu kukata miti ya fensi kando ya laga ya Tarach, hapa Kakuma. Mzee mmoja Mturkana akatukuta. Hakugomba. Aliuliza tu, "Mnakata upi?" Tukamwambia ni mathenge. Akasema, "Huo kateni hata wote. Ila ewoi msiguse, ule una mwenyewe."

Toka siku hiyo nikaanza kuuliza historia ya hii miti.

Ewoi ni mgunga. Waturkana wana utaratibu wao wa zamani unaoitwa ekwar: familia inakuwa na sehemu yake ya miti kando ya mto. Kivuli ni chao, na maganda yake yanalisha mbuzi wakati wa kiangazi. Kambi ilipoanza mwaka 1992, wakimbizi waliona pori tu, wakadhani halina mtu. Kumbe lina wenyewe, na ugomvi wa kuni mpaka leo tunaujua wote.

Mathenge asili yake ni Amerika. Kenya uliletwa mwaka 1973, kwenye machimbo ya Bamburi, Mombasa. Miaka ya 1980 miradi ya misitu ikaupanda Baringo na Turkana. Nia ilikuwa nzuri: kuzuia jangwa na kupata kuni. Lakini mbuzi wanakula maganda, mbegu zinapita tumboni bila kufa, zinaota kwenye mavi. Mafuriko nayo yanazisambaza. Ukiukata, unachipua tena kwenye kisiki. Nyasi zinakosa nafasi, na mgunga mchanga unasongwa.

Wafugaji wa Baringo walichoka. Mwaka 2006 waliishtaki serikali, na wakapeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno, ili ionekane maganda yale matamu yanavyoharibu kinywa cha mnyama. Mwaka 2008 serikali ikautangaza mathenge kuwa gugu hatari.

Wako watu wanaotuita sisi wakimbizi mathenge. Inauma. Lakini mti hauna mdomo wa kubisha hodi, sisi tunao. Siku hizi kabla ya kwenda kukata, tunapita kwanza kwa yule mzee, anatuonyesha.

Nanyi ndugu zetu wa mashirika, mkituletea miche tutaipanda na kuimwagilia. Tunaomba tu mtuambie ni mti gani, na mmemuuliza nani.