Kumbukumbu za waliojitolea: Uganda katika vitabu vya wageni waliorejea kwao

Tangu miaka ya 1960, vijana wengi kutoka Marekani na Ulaya wamefika Afrika Mashariki kufundisha, kuhudumia wagonjwa na kushauri wakulima, kisha wakarejea makwao baada ya miaka miwili hivi. Baadhi yao waliandika vitabu juu ya maisha yao huku. Kwa msomaji wa Kampala, vitabu hivyo ni ushahidi wa miaka ambayo mashahidi wake wanazidi kupungua. Lakini ni ushahidi wa mtu ambaye wakati wote alikuwa na kwao pa kurudi.

Chimbuko la vitabu hivi

Shirika la VSO la Uingereza liliasisiwa mwaka 1958 na Alec Dickson pamoja na mkewe Mora. Miaka mitatu baadaye, tarehe 1 Machi 1961, Rais John F. Kennedy wa Marekani alitia saini amri iliyounda Peace Corps. Ghana na Tanganyika zilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea wajitoleaji wa shirika hilo, mwaka huohuo. Uganda iliwapokea kuanzia 1964.

Peace Corps ilipewa malengo matatu. La kwanza ni kusaidia nchi zinazohitaji watu wenye ujuzi. La pili ni kuwafanya wenyeji wawaelewe Wamarekani vizuri zaidi. La tatu ni kuwafanya Wamarekani nao wayaelewe mataifa mengine. Lengo hili la tatu ndilo lililozaa maandishi, kwa kuwa anayerudi nyumbani anatarajiwa kusimulia.

Miongoni mwa vitabu vya mwanzo ni cha Leonard Levitt, aliyefundisha Tanganyika na kuchapisha "An African Season" mwaka 1967. Mwaka 1969 Moritz Thomsen alitoa "Living Poor", juu ya kijiji cha wavuvi nchini Ecuador, na mpaka leo kitabu hicho hutajwa kuwa kielelezo cha maandishi ya aina hii. Mike Tidwell, aliyefundisha ufugaji wa samaki katika Kasai, nchini Zaire ya wakati huo, alisimulia kazi yake katika "The Ponds of Kalambayi" mwaka 1990.

Mwendo wa vitabu hivi hufanana. Kijana anafika akiamini kwamba atabadilisha kijiji. Lugha inamshinda, ugonjwa unamlaza, na kazi inakwenda polepole. Mwishowe anakiri kwamba aliyebadilika zaidi ni yeye mwenyewe.

Wenyeji nao husoma

Oktoba 1961, miezi michache tu baada ya Peace Corps kuanza, mjitoleaji mmoja wa Marekani huko Ibadan, Nigeria, aliandika kadi ya posta kwa rafiki yake akieleza jinsi hali ya maisha ya mji ule ilivyomshtua. Kadi ilianguka kabla ya kutumwa, ikaokotwa, nakala zake zikasambazwa chuoni, na wanafunzi wakaandamana. Mwandishi wake alilazimika kuondoka nchini.

Tukio hilo dogo lilifunua jambo ambalo waandishi wengi wa kumbukumbu hulisahau: wanaoandikwa nao wana macho, na wana haki ya kujibu.

Makerere ya miaka ya 1960

Mwandishi mashuhuri zaidi aliyetokana na Peace Corps, Paul Theroux, aliingia Kampala kwa njia isiyo ya kawaida. Alikuwa mwalimu nchini Malawi kuanzia 1963. Mwaka 1965 alifukuzwa nchini humo, na Peace Corps nayo ikamwachisha, kwa kuwa alikuwa amemsaidia David Rubadiri, mshairi na mwanadiplomasia aliyekosana na Hastings Banda. Theroux alihamia Uganda na kufundisha Makerere hadi 1968.

Kampala aliyoikuta ilikuwa mji wa fikra. Rajat Neogi, mzaliwa wa mji huo mwenye asili ya Kihindi, alikuwa ameanzisha jarida la Transition mwaka 1961, na kurasa zake ziliwakutanisha waandishi wa bara zima. Humo, mwaka 1967, Theroux alichapisha insha iliyowafananisha wageni weupe wa Afrika Mashariki na Tarzan: watu waliopenda kuishi mahali ambapo rangi ya ngozi yao iliwapa ukubwa wasiokuwa nao kwao. Hayo aliyaandika akiwa yeye mwenyewe mmoja wa wageni hao, na aliyachapisha mjini hapohapo walipokuwa wakiishi.

Mwaka 1966 mwandishi V. S. Naipaul alifika Makerere, na urafiki wake na Theroux ukaanza. Miaka 32 baadaye Theroux aliusimulia urafiki huo, na jinsi ulivyovunjika, katika "Sir Vidia's Shadow". Kurasa za mwanzo za kitabu hicho zinaionyesha Kampala ya wakati ule kwa undani: baa zake, nyumba za wahadhiri na mazungumzo yao.

Tukio moja, mashahidi wawili

Tarehe 24 Mei 1966, majeshi ya serikali ya Milton Obote, yakiongozwa na Idi Amin, yaliishambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo. Theroux alikuwa akiishi Kampala, na baadaye aliandika juu ya siku za amri ya kutotoka nje zilizofuata. Kwake mgeni, zilikuwa siku za hofu na za ajabu, na hatimaye zilipita.

Kabaka Mutesa wa Pili naye aliandika. Baada ya kuponea chupuchupu na kukimbilia Uingereza, alichapisha kumbukumbu zake, "Desecration of My Kingdom", mwaka 1967. Kwake, siku hiyo ilikuwa mwisho wa kiti cha ufalme na wa maisha aliyoyajua. Alifariki London mwaka 1969 bila kuiona tena Buganda.

Anayevisoma vitabu hivyo kwa pamoja hupata picha ambayo kimoja pekee hakiwezi kumpa. Mwalimu mgeni anaeleza jinsi mji ulivyonyamaza. Mfalme aliyefukuzwa anaeleza kilichopotea.

Nani hulipa

Tofauti hiyo ilionekana tena mwaka 1968. Oktoba ya mwaka huo Neogi alikamatwa pamoja na mbunge Abu Mayanja, kwa sababu ya maandishi ya Transition yaliyokosoa mapendekezo ya katiba ya serikali. Mhariri huyo alifungwa katika nchi aliyozaliwa. Baada ya kuachiwa aliondoka Uganda, na jarida likahamia Ghana. Theroux naye aliondoka mwaka huo, baada ya gari alimokuwa mkewe mjamzito kuzingirwa na waandamanaji. Alikwenda Singapore kufundisha na kuendelea kuandika. Rubadiri, aliyesaidiwa naye, aliishi uhamishoni kwa miaka mingi, sehemu yake akifundisha Makerere.

Wakati wa Amin, hata mgeni hakuwa salama. Peace Corps iliondoka Uganda mwaka 1972. Julai 1973, ndege iliyobeba zaidi ya wajitoleaji 100 waliokuwa njiani kwenda Zaire ilizuiliwa Entebbe, wakishukiwa kuwa mamluki, kabla ya kuruhusiwa kuendelea na safari. Mwaka 1975 mwalimu Mwingereza Denis Hills, ambaye hakuwa mjitoleaji bali mwajiriwa, alihukumiwa kifo kwa sababu ya mswada wa kitabu chake, "The White Pumpkin", uliomfananisha Amin na mtawala dhalimu wa kijijini. Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, James Callaghan, alifika Kampala mwenyewe, na Hills akaachiwa. Kitabu kilichapishwa mwaka huohuo.

Mganda aliyesema maneno kama hayo hakuwa na waziri wa kuja kumchukua kwa ndege.

Kurudi kutazama

Peace Corps ilirejea Uganda mwaka 1991, ikaondoka tena 1999 kwa sababu za usalama, na kurudi 2001. Mwaka huo wa 2001 Theroux alisafiri kwa nchi kavu kutoka Cairo hadi Cape Town, safari iliyozaa "Dark Star Safari". Mjini Kampala alikutana na Apolo Nsibambi, aliyemfahamu tangu enzi za Makerere na ambaye sasa alikuwa Waziri Mkuu. Nchini Malawi aliikuta shule aliyofundisha imechakaa na maktaba yake imeporwa vitabu. Alihitimisha kwa kuhoji vikali faida ya misaada ya kigeni.

Wengine wamefika mahali tofauti. Kris Holloway, aliyehudumu Mali kuanzia 1989 hadi 1991, hakujiweka katikati ya kitabu chake "Monique and the Mango Rains". Alimweka mwenyeji wake, mkunga Monique Dembele, ambaye baadaye alifariki akijifungua. Sehemu ya mapato ya kitabu hicho imesaidia zahanati nchini humo. Hapa mwenyeji ana jina, ana kazi na ana uzito wake.

Jinsi ya kuvisoma

Kumbukumbu za wajitoleaji hunasa mambo ambayo wenyeji huona hayastahili kuandikwa: bei ya matoke, utani wa walimu wenzake, foleni ya maji, namna mgeni alivyokaribishwa kikao. Mtu aliyezaliwa humo huyapita bila kuyaona. Hapo ndipo faida yake ilipo.

Hata hivyo, msomaji makini hujiuliza maswali matatu. Mwandishi alikaa muda gani, na alijua lugha gani? Wenyeji wanazungumza katika kitabu, au wanatumwa na kucheka tu? Na je, kuna mwenyeji aliyeandika juu ya miaka hiyohiyo? Kwa Uganda, jibu la swali la mwisho ni ndiyo. Mahmood Mamdani aliandika "From Citizen to Refugee" mwaka 1973, juu ya kufukuzwa kwa Waasia. Henry Kyemba, aliyekuwa waziri wa Amin, aliandika "A State of Blood" mwaka 1977.

Nchini Marekani, maktaba ya Rais Kennedy huko Boston huhifadhi sauti za wajitoleaji waliorejea wakihojiwa juu ya miaka yao ya ng'ambo. Upande wa pili wa mahojiano hayo uko Uganda: mwanafunzi aliyefundishwa na mgeni huyo, mama aliyempikia, mwalimu aliyekaa naye nyumba moja. Wengi wao sasa ni wazee. Barua na picha walizoachiwa zingali ndani ya masanduku, na masimulizi yao, kwa Kiganda, Kiacholi, Kinyankole au Kiswahili, yanaweza kunakiliwa wakingali hai.