Pumu na Majira ya Hewa Nachingwea na Ruangwa

Pumu ni ugonjwa wa kudumu ambao njia za hewa huvimba, hujaa makohozi na kubana, kifua kikalia kama filimbi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa nao na 455,000 walikufa. Katika miji ya Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, baridi haimbani mgonjwa peke yake: majira yanayoileta ndiyo yanayoleta pia salfa, vumbi na moshi.

Majira

Wilaya hizi zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kisha kusi huvuma, na Juni na Julai huwa miezi ya baridi. Nachingwea, iliyo zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari, alfajiri yake hupoa kuliko ya mwambao. Hewa ya baridi na kavu hukausha mirija ya mapafu, na misuli yake hujikaza. Pumu yenyewe huzidi usiku wa manane kuelekea alfajiri, saa zilezile baridi inapokolea.

Salfa ya korosho

Korosho ni zao kuu la biashara. Mikorosho inapochipua na kutoa maua hushambuliwa na ubwiriunga, ugonjwa wa fangasi unaostawi kwenye ubaridi na umande. Dawa iliyozoeleka ni salfa ya unga, inayopulizwa kwa bomba la mota mara kadhaa kati ya Juni na Septemba. Mkulima hupuliza alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yana umande, ili unga ushike. Saa hiyo inayoufaa mti ndiyo inayomuumiza mwenye pumu. Usiku usio na mawingu ardhi hupoa upesi, hewa baridi hulala chini ya hewa yenye joto, na wingu la njano hukaa usawa wa pua mpaka jua lipande.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika bonde la Salinas, eneo la kilimo huko Marekani. Watoto waliokaa karibu na mashamba yaliyotiwa salfa nyingi walikuwa na mapafu dhaifu zaidi na walitumia zaidi dawa za pumu. Huku Kusini mpulizaji hutembea na bomba mgongoni, na wengi hujifunga kitambaa tu usoni, kinga ambayo haitoshi hata kidogo.

Vumbi na moshi

 Vumbi hutoka zaidi kwenye barabara za udongo. Agosti hadi Oktoba ni miezi ya kuandaa mashamba kwa kuchoma na ya moto wa kichaa. Ndani ya nyumba kuna moshi wa kuni na mkaa mwaka mzima. 

Mvua

Mvua za kwanza huosha vumbi, ingawa unyevu wa masika huotesha ukungu kutani. Dhoruba ya radi nayo yaweza kumbana mgonjwa: tarehe 21 Novemba 2016 mjini Melbourne, Australia, dhoruba ya namna hiyo ilipasua chavua ya nyasi kuwa chembe ndogo. Maelfu walibanwa na watu 10 walikufa.

Tiba

Salbutamoli ya kuvuta hufungua mirija kwa dakika chache lakini haiondoi uvimbe. Kinachotuliza uvimbe ni steroidi ya kuvuta, itumiwayo kila siku hata kifua kikiwa kimetulia. Anayetegemea salbutamoli peke yake yuko hatarini. Mgonjwa ahakikishe dawa zote mbili zipo nyumbani kabla ya Juni, na afunge madirisha alfajiri za kupuliza. Mwenye mikorosho jirani naye ampelekee taarifa jioni, kabla ya kuwasha bomba kesho yake.