Nyumba za kwanza za Olenguruone na wenyewe waliofukuzwa

Ukiuliza nyumba ya kale Kaunti ya Nakuru, utaelekezwa Njoro, kwenye kasri la Lord Egerton. Maurice Egerton, bwana wa Kiingereza, alianza kulijenga mwaka 1938, vita vikamkatiza, akalimaliza 1954: vyumba zaidi ya 50 vya mtu asiye na mke wala mtoto. Alifariki 1958. Wageni husimuliwa habari za mwanamke aliyemkataa, na nadhani kisa hicho huuza tikiti nyingi kuliko historia yenyewe.

Olenguruone, juu kwenye milima ya Mau, hakuna kasri la kutembezea wageni. Lakini miaka ileile Egerton alipokuwa akipandisha kuta zake, huku nako watu walikuwa wakijenga, na kisa cha nyumba zao kiliitikisa nchi nzima.

Walikuwa Wakikuyu. Wengi walikuwa wa familia zilizotoka Kiambu na viunga vyake baada ya ardhi kupewa walowezi, wakaenda kuishi na Wamaasai huko Melili, upande wa Narok. Serikali ya kikoloni haikuwataka huko pia. Iliwahamishia Olenguruone, na kufikia mwaka 1941 walikuwa zaidi ya 4,000. Kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,400 baridi ni kali, na mahindi huchelewa sana kukomaa. Hata hivyo walifyeka msitu, wakalima, wakajenga boma kwa desturi yao: thingira, yaani nyumba ya baba, nyumba ya kila mke, ghala la chakula kando.

Mpangilio huo wa boma ndio uliogongana na maafisa. Kanuni zilizotolewa mwaka 1942 ziliweka kipimo cha shamba, zikaamuru nini kipandwe na wapi, na zikataka urithi uende kwa mwana mmoja tu. Sasa chukua boma la wake watatu. Nyumba mbili kati ya tatu zilikuwa zimeshanyimwa kesho yao kabla watoto hawajajua kutembea. Tena kuzikubali kanuni kulikuwa kukiri kwamba wewe ni mpangaji wa serikali. Wao walisema ardhi hii ni fidia ya ile waliyonyang'anywa, kwa hiyo ni yao, kama githaka, ardhi ya ukoo, ilivyokuwa ya babu zao. Wakakataa kabisa. Sioni ubishi wa kilimo hapo, ingawa maafisa walipenda kuueleza hivyo, kwa lugha ya mmomonyoko wa udongo.

Mnamo 1943 na 1944 walikula kiapo cha umoja. Zamani kiapo cha namna hiyo kilikuwa cha wanaume wachache, viongozi. Olenguruone waliapa wote, wanawake na watoto pia. Ilikuwa familia nzima inayoapa, kwa sababu ni familia nzima iliyokuwa ikifukuzwa.

Wakaenda mahakamani, wakashindwa. Maafisa wakateketeza nyumba, wakaharibu mazao, wakatwaa mifugo. Kufikia mwaka 1950 waliokuwa bado wamesalia walipakiwa kwenye malori na kupelekwa Yatta, nchi kavu ya ukame, mbali na ubaridi wa Mau. Mafunzo ya kiapo hayakwenda Yatta peke yake. Yalipita kwa ndugu na jamaa waliokuwa maskwota katika mashamba ya wazungu kote Bonde la Ufa, na hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, kiapo cha Mau Mau, vuguvugu lililopigana na ukoloni, kilikuwa tayari kina mizizi mirefu huko.

Baadaye Olenguruone ilipata wakazi wengine, wengi wao Wakipsigis, na Wakikuyu nao wakarudi kununua mashamba. Katika machafuko ya 1992 na 1993, nyumba zao zikachomwa tena. Waliokimbia wakaomba hifadhi Molo na Elburgon.