Kupaka Rangi Ndege ya Rimoti: Kabla Ununue Hiyo Sprei, Soma Hii Kwanza

Wasee wengi wakimaliza kuunda ndege ya rimoti huona rangi ni urembo tu, kitu ya kumalizia. Ukweli ni kwamba rangi inaamua mambo mawili mazito: kama utaiona vizuri ikiwa juu, na kama itapaa fiti ama itaruka kama kuku. Na ukichukua mkebe mbaya, kuna ndege zinayeyuka zikiwa bado kwa meza.

Tuanze na macho. Chukua ndege yenye mabawa ya mita 1.2, saizi ya kawaida ya msee anayeanza. Ikifika mita 200 kutoka pale umesimama, ukinyoosha mkono uipime na vidole, inatoshana na milimita 4 hivi. Hiyo ni ndogo kuliko punje ya mchele! Saa hiyo huoni stika, huoni jina umeandika kwa mkia, na zile dirisha ulichora masaa mawili zimepotea kitambo. Unaona kivuli tu, na kivuli hakikwambii kama ndege inakuja ama inaenda. Hapo ndo ngori huanza, ju ndege ikikuja upande wako, kulia ya rimoti inakuwa kushoto ya macho yako. Ukidhani inaenda kumbe inakuja, unaikunja upande mbaya na inaishia kwa mti wa wenyewe.

Dawa ni juu na chini zisifanane kabisa. Juu weka rangi inayong'aa, kama njano, chungwa ama nyekundu. Chini weka giza na mistari minene, ama miraba mikubwa ya nyeusi na nyeupe. Chini huwa kivulini halafu nyuma yake kuna mwanga wa anga, kwa hivyo rangi laini laini hapo ni kazi bure. Mistari nyembamba pia haisaidii, macho inaichanganya ikuwe kijivu. Na ukipenda sana kijivu ya ndege za jeshi, jua ya kwamba hiyo rangi ilibuniwa ndege isionekane. Silva na buluu ya anga ni hivyo hivyo.

Kama lazima ikae ya vita, kuna njia ya ujanja. Juni 1944, wakati wa D-Day, ndege za Uingereza na Marekani zilipakwa mistari mitano minene kwa mabawa na kwa mwili, nyeupe na nyeusi zikibadilishana, ndio wanajeshi wao wasizipige risasi. Mistari hiyo kwa Spitfire ya rimoti inakaa ya ukweli na pia inaonekana poa ukiwa chini.

Sasa uzito. Rangi ikikauka haipotei yote, kuna gramu zinabaki. NASA walijua hii mapema: lile tangi kubwa la nje la chombo cha Space Shuttle lilipakwa nyeupe kwa safari mbili za kwanza, 1981, halafu wakaacha kulipaka. Waliokoa karibu kilo 270. Ndio maana picha za baadaye tangi ni ya chungwa.

Kwa ndege yako, mahali rangi inaumiza ni mkia. Piga hesabu: ukiongeza gramu 10 kwa mkia, sentimita 60 nyuma ya pale ndege inabalansi, na nafasi ya kuweka uzito mbele iko sentimita 20 tu, utahitaji gramu 30 kwa pua ndio irudi sawa. Yaani rangi ya gramu 10 imekucost gramu 40. Ndege yenye mkia mzito haitulii, ukigusa rimoti kidogo inaruka pua juu. Mkia upake nyepesi, ama tumia tepu ya rangi.

Kuhusu rangi yenyewe, kwanza jua ndege imeundwa na nini. Ile stairofomu nyeupe, kama inayokuja kwa boksi la TV, haitaki sprei ya kawaida. Thina iliyo ndani inaila mpaka inabaki mashimo. Ndege nyingi za dukani ni EPO, hiyo ni ngumu kidogo, lakini bado jaribu kwanza mahali pamefichika, kama ndani ya kifuniko cha betri. Salama zaidi ni rangi ya maji, na juu yake vanishi ya maji iliyopakwa nyembamba. EPP inajikunja kama raba, kwa hivyo rangi ngumu itapasuka tu.

Ndege ya mbao za balsa ni stori ingine. Unapiga msasa laini, halafu wengi hawapaki hata kidogo: wanavalisha plastiki ya rangi inayoshikishwa na pasi na kukazwa na joto. Ina gramu 60 hadi 70 hivi kwa mita mraba, na haitoi harufu. Ukiona imekunjamana baada ya kuachwa kwa jua, pitisha pasi tena.

Kama injini inatumia mafuta ya methanoli na naitromithani, rangi ya kawaida itatoka kama ngozi ya viazi. Hapo unahitaji rangi inayovumilia mafuta, kama zile za gari za kuchanganya na hadna. Lakini manze, hizo zina kemikali za kuharibu mapafu, na barakoa ya kawaida haizizuii. Kama huna ile maski ya vichujio vya kemikali, lipa fundi wa gari akupulizie.

Puliza mbali kidogo, tabaka nyembamba mbili ama tatu, usijaribu kufunika yote mara moja. Tepu ya karatasi itoe kabla rangi ikauke kabisa, ukiivuta polepole na kuikunja nyuma. Pima ndege kwa mizani ya jikoni kabla na baada. Halafu iinue na vidole viwili chini ya mabawa, pale maelekezo yake yanasema. Ikilalia mkia, sukuma betri mbele kabla uende uwanjani.