Jitiya: Mfungo wa Akina Mama wa Bihar

Katika majimbo ya Bihar na Jharkhand, mashariki mwa Uttar Pradesh na katika tambarare za kusini mwa Nepal, akina mama wa dini ya Kihindu hufunga kila mwaka mfungo wa Jivitputrika, ambao vijijini huitwa Jitiya, ili kuwaombea watoto wao uhai mrefu. Kilele chake ni siku ya nane ya kupungua kwa mwezi wa Ashwin, kati ya Septemba na Oktoba, ambapo mama hali chakula wala hanywi maji, usiku na mchana, hadi afungue siku inayofuata.

Anayeombwa katika mfungo huu ni Jimutavahana, mwana wa mfalme aliyemsikia mama akimlilia mwanawe, mmoja wa majoka waliotolewa kila siku kuwa chakula cha Garuda, mfalme wa ndege, naye akajilaza mahali pa kijana huyo ili aliwe yeye. Kisa hicho kilikuwa tayari mchezo wa kuigiza wa Kisanskriti, Nagananda, katika karne ya 7, mchezo unaohusishwa na Mfalme Harsha na unaofunguliwa kwa kumtukuza Buddha. Kwa hiyo shujaa wa ibada hii ya Kihindu alikwisha kupita katika mikono ya Wabuddha. Hata hivyo, kilichomwingiza katika nyumba za wakulima hakikuwa fasihi ya ikulu, bali kilio cha yule mama.

Wanawake wenyewe husimuliana kisa kingine, cha mwewe na bweha waliofunga pamoja: mwewe akavumilia, bweha akashindwa na njaa akala nyama kwa siri, na walipozaliwa upya kama wanadamu watoto wa mwewe wakaishi, wa bweha wakafa. Hapa ndipo ulipo uzito wa Jitiya, kwa kuwa kisa hiki humtwika mama peke yake dhamana ya uhai wa mtoto, mzigo mkubwa mno katika nchi ambamo homa na njaa ziliwaua watoto wengi.

Chakula cha kabla ya mfungo ni cha shambani: dodoki, mboga za majani, na mikate ya ulezi, nafaka iliyofika Bara Hindi zamani kutoka nyanda za juu za Afrika Mashariki. Katika eneo la Mithila huongezwa samaki.

Zamani waliofungiwa walikuwa hasa watoto wa kiume. Siku hizi akina mama wengi huwafungia na mabinti, na mabadiliko hayo yanastahili kuungwa mkono.