Kamba wa thomu si msosi wa watalii

Wadau, tuache hii stori ati kamba wa thomu ni chakula cha hoteli. Hebu isome karai yenyewe. "Thomu" ni neno la Kiarabu. Pilipili asili yake ni Amerika; Wareno, waliofika Mombasa 1498 na kuanza Fort Jesus 1593, ndio walioisambaza Bahari ya Hindi. Kamba je? Wa hapa hapa, wanakulia kwenye mikoko kama ya Tudor.

Hapa Makadara mimi napika dakika tano: mafuta, thomu, pilipili, kamba, ndimu. Wakigeuka rangi tu, epua.

Shida ni kuwa wakubwa wanaenda hotelini, sisi twabaki na duvi. Na mikoko ikiisha bana, karaini itabaki thomu peke yake.