Ukoo wa Mugwe: Historia Fupi

Mugwe alikuwa mbariki wa Wameru, na cheo chake kilirithiwa ndani ya nyumba maalumu katika sehemu kama Igembe, Tigania, Imenti na Tharaka. Nasaba yake hupelekwa nyuma hadi Mbwaa, kisiwa cha pwani ambacho baadhi ya watafiti hukiona kuwa ni Manda. Huko, kwa masimulizi ya wazee, babu zao walitumikishwa na Nguuntune, watu wa mavazi mekundu, waliowapa mitihani ya kuwaangamiza. Walipodaiwa ndama anayekunya mavi meupe, walimlisha ndama maziwa matupu. Walipodaiwa ndara zenye manyoya pande zote mbili, walizikata kwenye ngozi inayoning'inia chini ya shingo ya fahali. Lakini mkuki wa kufika mbinguni uliwashinda, na kiongozi wao Koomenjue akawavusha maji. Waliovuka gizani, alfajiri na baada ya jua kuchomoza ndio asili ya makundi ya koo ya Njiru, Ntune na Njeru, yaani weusi, wekundu na weupe. Koomenjue huhesabiwa kuwa Mugwe wa kwanza.

Damu peke yake haikutosha. Mrithi alitakiwa awe na mwili usio na kilema na mwenendo usio na doa. Hakuwa mtawala, ila vijana hawakutahiriwa wala kwenda vitani bila baraka yake. Nguvu hiyo ilikaa katika mkono wa kushoto, uliofunikwa daima. Mwanaanthropolojia Rodney Needham aliuandikia makala nzima mwaka 1960.



Waingereza walipojenga boma Meru mwaka 1908, walitaka machifu wa kutoa amri. Baadaye utawala ulilitambua baraza la wazee, Njuri Ncheke, lenye makao yake Nchiru. Bwana wilaya aliyelipigania, H. E. Lambert, ndiye yule yule aliyechunguza lahaja za Kiswahili. Mugwe hakutengewa nafasi. Padri Bernardo Bernardi wa Consolata alipochapisha kitabu juu yake mwaka 1959, jina la kitabu lilimwita nabii anayeshindwa. Toleo la Nairobi la 1989 lilimwita nabii mbariki, na hilo ndilo linalomstahili.